Inakoroma, Inalia

Mlio ulitangulia. Uliwafikia wakiwa bado kwenye korido, kabla hawajauona mlango wa karakana: mlio mwembamba, mkali, unaopanda na kushuka kama msumari unaoburutwa juu ya kioo. Koplo akaziba sikio moja kwa kidole. Sajini Kiberiti hakuziba kitu. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia.

Fundi alikuwa ameiinamia kamera chini ya taa ya mezani. Ilikuwa kamera ya video ya zamani, ile ya kanda ndogo, na ubavu wake ulikuwa umefunguliwa, matumbo yote nje.

"Nani kakuruhusu kuiwasha kabla sijafika?"

"Hujambo kwanza, dada."

"Sijambo. Nani kakuruhusu?"

"Humu nimeweka kanda yangu ya taka. Kanda yako imo kwenye bahasha yake, lakiri haijaguswa, itazame." Fundi alinyoosha kidole bila kuinua uso. "Na kamera yako, samahani sana, inalia kama mjane aliyesahauliwa kwenye urithi."

Koplo akacheka. Kiberiti alimgeukia, kicheko kikafa kabla hakijafika mwisho.

Kituoni walimwita Kiberiti kwa sababu aliwaka upesi. Siku hiyo alikuwa ameamka anawaka. Juzi mchana mpiga video wa harusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kanda, alikutwa sakafuni mwa studio yake, kichwa kimepasuliwa kwa stendi ya kamera. Mtu wa mwisho kuonekana akitoka mle alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwoka mikate. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye stendi. Mkuu wa kituo aliridhika, akasema kesi imeiva. Kesho asubuhi mwoka mikate angepandishwa mahakamani, na asubuhi hiyohiyo kaka yake angezikwa. Mama yao alikuwa kwenye benchi la kituo tangu jana. Alikataa chai, alikataa kurudi nyumbani, na kila aliyepita alimwuliza swali lilelile: "Nimzike huyu au nimsimamie yule? Nigawanyike vipi?"

Mkuu wa kituo alipita kwa mlango wa nyuma.

Kilichomsumbua Kiberiti ni kamera. Ilikuwa mezani, juu ya kichwa cha marehemu, na ndani yake mlikuwa na kanda iliyosimama katikati. Koplo alikuwa ameichomeka kwenye televisheni ya kituo. Akairudisha kanda mwanzo, akaona weusi mtupu, kamera ikampigia kelele, akazima, akaandika: kanda tupu.

"Bwana Kanda aliandika jina juu ya kila kanda aliyokuwa nayo," Kiberiti alisema. "Mtu wa namna hiyo hafi na kanda tupu mezani. Fundi, nataka kamera hii iweze kucheza bila kuitafuna kanda yangu. Ina ugonjwa gani?"

"Ngoma imekufa." Fundi aligusa kwa ncha ya bisibisi kichwa cha chuma kinachozunguka, kile kinachosoma kanda. "Beringi zimekauka. Kwenye kamera, ngoma ndiyo moyo. Tafuta kamera nyingine."

"Ipo?"

"Siku hizi? Hata bibi harusi anajipiga video mwenyewe kwa simu. Nenda makumbusho, dada."

Kiberiti akavuta kigoda, akakaa, akaitazama ngoma ikizunguka na kupiga mayowe.

"Ukisimamisha picha, ngoma nayo inasimama?"

"Hapana. Kanda ndiyo inasimama. Ngoma inaendelea."

"Basi simamisha picha."

Fundi akabonyeza. Mlio ukakatika kama uzi. Ngoma ilikuwa bado inazunguka, wote watatu waliiona, nayo ilivuma taratibu tu, kama nyuki ndani ya chupa.

"Umemkamata asiye na hatia, fundi."

"Ningefika hukohuko," fundi alinung'unika. "Haraka zenu za polisi ndizo zinaniharibia akili. Haya. Kama si ngoma, basi ni kitu kinachotembea pale tu kanda inapotembea." Akaikodolea macho mashine, kisha akagusa kigurudumu cha mpira kisichozidi punje ya mbaazi. "Huyu. Yeye ndiye anayeibana kanda na kuivuta. Kamera ikicheza, anabana. Ikirekodi, anabana. Ukirudisha kanda nyuma, anaachia."

"Rudisha nyuma."

Hapo sauti ikabadilika kabisa. Mlio mwembamba haukuwapo tena. Ilitoka sauti nene, nzito, ya kukwaruza, krrr, krrr, inayopanda na kushuka.

"Hiyo usiijali, ni uzee," fundi alisema. "Ndiyo tabia yake. Ikirudi nyuma inakoroma, ikicheza inalia."

Kiberiti alisimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Rudia ulichosema."

"Nini? Inakoroma ikirudi, inalia ikicheza. Nimekosea nini tena?"

"Hujakosea." Akamgeukia koplo. "Fungua faili. Nisomee maelezo ya mshonaji wa chumba cha pili."

Koplo akafungua, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "'Mshukiwa alitoka akanisalimu. Muda si mrefu nikamsikia marehemu anakoroma. Kisha akawa analia, analia kwa muda mrefu. Nikagonga ukuta, akanyamaza.'" Akafunga faili. "Ndiyo msingi wa kesi, afande. Jamaa alimpiga, akatoka, akaacha mtu anakata roho."

"Mshonaji alisema 'nikamsikia marehemu'?"

"Maana yake ndiyo hiyo."

"Sijakuuliza maana. Alitamka nini?"

Koplo akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Yule mama, afande, Kiswahili chake ni cha mtaani. Alisema inakoroma. Inalia. Ikanyamaza. Nikamrekebishia. Mtu hachukui 'i', afande. Ngeli ya kwanza ni a na wa. Mimi ngeli nilikuwa napata alama zote."

Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Ulimrekebishia," Kiberiti alisema.

"Kwa ajili ya mahakama. Tusionekane tunaandika ovyo."

"Mtu yuko ndani kwa sababu ya herufi yako!" Alipiga meza kwa kiganja, skrubu zikaruka. "Mama yake amekaa kwenye benchi letu siku nzima akiambiwa mwanawe alikufa akikoroma na kulia! Kwa sababu wewe ulipata alama zote!"

"Afande, mimi..."

"Nyamaza. Fundi, safisha hicho kigurudumu. Nikirudi nataka kamera iwe bubu."

Aliitia bahasha ya kanda kwenye mkoba wake, akatoka. Koplo akamfuata kwa mbali kidogo, kama mtu anayefuata gari lenye moshi.

Nyumba ya studio ilikuwa ya ghorofa, ndefu, nyembamba, na ngazi zake zilinuka saruji mbichi. Ukuta wa chini, pamoja na nguzo ya ngazi, ulikuwa umepigwa lipu mpya hadi kiunoni. Juu ya hapo ulikuwa wa kale, unapukutika. Kiberiti aliegemea kidogo kumpisha mtu mwenye ndoo, mkono wake ukatoka na unga mweupe wa chokaa.

Mwenye nyumba alikuwa pale chini, shati limenyooka, akihimiza kazi.

"Aa, afande! Poleni na kazi. Yule mwoka mikate bado hajakiri?"

"Lipu hii ya nini?"

"Urembo tu. Nyumba nayo inataka poda, kama mwanamke."

"Juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Safarini, nimeshawaambia wenzako. Nilirudi jioni nikakutana na msiba mlangoni."

"Studio ina mlango wa nyuma. Nani ana ufunguo?"

"Marehemu. Na mimi, lakini wangu umelala nyumbani kwenye kopo, sijaugusa tangu mwaka jana."

Simu ikaita mfukoni mwake. Akaitoa, akaiweka sikioni, akabweka: "Haya, tema!" Akasikiliza huku anakunja uso. "Sipo hapo. Niko kwenye kikao. Nikimaliza." Akakata.

"Kikao gani?" Kiberiti aliuliza.

Mwenye nyumba akacheka, meno yote nje. "Wapangaji hao, afande. Ukiwaambia ulipo, watakuja hapo hapo na malalamiko ya bomba. Dawa yao ni kuwa mbali."

Kiberiti hakucheka. Alipanda ngazi.

Mshonaji alikuwa na futi ya kitambaa shingoni na pini kinywani. Alipomwona koplo alizitema pini zote kwenye kiganja.

"Wewe! Mwalimu wa Kiswahili! Umekuja kunipa mtihani mwingine?"

"Mama, nimekuja mimi," Kiberiti alisema. "Niambie ulichokisikia juzi. Kwa maneno yako. Hakuna atakayekurekebisha."

"Haya, afadhali." Mshonaji akazima cherehani. "Mwoka mikate alikuja, wakapigiana kelele na kaka yake, kama kawaida."

"Kelele za nini?"

"Mpira! Kila mmoja na timu yake. Mimi wakinyamaza ndiyo ningeogopa. Alimbebea stendi kutoka kwenye gari, si ndiyo hiyo mnasema ina vidole vyake? Sasa abebe kwa meno? Alipotoka akanisalimu, akaniachia mkate. Halafu kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kitu kikaanguka, puu. Nikajua Bwana Kanda kaangusha mzigo, chumba chake kimejaa. Halafu ikaanza kukoroma, krrr, krrr. Halafu ikawa inalia. Ililia! Nami nina kichwa kinaniuma. Nikachukua mkasi, nikagonga ukuta, nikamwambia, 'Zima hilo dude!' Ikanyamaza."

"Ni nini kilikuwa kinalia, mama?"

Mshonaji alimtazama kwa huruma, kama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Kamera, jamani! Ina wiki kadhaa inalia, tangu dari lianze kutumwagia unga. Mimi mwenyewe nafunika vitambaa. Na huyu kijana wako nilimwambia inalia, inalia! Mtu angelia kwa dakika zote zile ningekaa hapa nashona? Mimi ni jiwe?"

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwoka mikate alikuwa ameshatoka kamera ilipoanza kukoroma?"

"Mkate wake ulikuwa tayari mdomoni mwangu."

"Andika," Kiberiti alimwambia koplo. "Neno kwa neno. Na kwa 'i'."

Koplo akaandika. Mshonaji akasimama nyuma ya bega lake, akayafuata maneno kwa ncha ya mkasi hadi mwisho, ndipo akatia sahihi.

Fundi aliwapokea na kijiti cha pamba mkononi, amekibeba kama kombe la ushindi.

"Njoo uone, dada. Nilitegemea uchafu mweusi, mpira wa zamani huwa mweusi. Tazama hii!"

Pamba ilikuwa nyeupe, yenye tope la unga.

"Chokaa," fundi alisema. "Imejaa kwenye ekseli ya gurudumu, imenyonya mafuta yote. Kamera hii imekula ukuta. Nimesafisha kwa spiriti, tone moja la mafuta kwenye ekseli, mpira wenyewe nimeuacha mkavu. Sikiliza."

Aliiwasha na kanda yake ya taka. Kanda ikaenda kimya kimya. Ukitaka kuisikia ilibidi uinamishe sikio.

Kiberiti aliutazama mkono wa shati lake, unga uleule mweupe ukiwa bado umeushika. Kisha akaifungua bahasha mbele yao wote wawili. Kabla ya kuikabidhi kanda, alikisukuma kwa ukucha kijilango chake kidogo cha pembeni, kile kinachozuia mtu kurekodi juu yake.

"Rudisha mwanzo. Cheza."

Kioo kikawa cheusi. Papo hapo mlio ukarudi, ule ule, wa msumari na kioo.

"Haiwezekani!" Fundi aliruka. "Nimeisafisha sasa hivi!"

"Weka kidole juu ya gurudumu... hapana, juu ya boksi lake. Linatetemeka?"

Fundi akagusa. "Limetulia kabisa."

"Punguza sauti mpaka mwisho."

Fundi akapunguza. Mlio ukayeyuka. Akaongeza. Mlio ukarudi.

"Haulii sasa," Kiberiti alisema polepole. "Ulilia juzi. Umo ndani ya kanda. Kanda hii si tupu, imerekodiwa. Mtu aliirudisha mwanzo, kamera ikakoroma. Akabonyeza kurekodi huku kifuniko kiko kwenye lenzi, afute kilichokuwamo, kamera ikalia. Picha akaziba." Akamtazama koplo. "Lakini maikrofoni haina kifuniko. Wewe kituoni ulisikia kamera inapiga kelele, hukujua kuna kelele mbili, moja juu ya nyingine. Fundi, nataka kilicho chini ya mlio."

Fundi aliunganisha waya kwenye spika kubwa, akazungusha vitufe, akakata sauti nyembamba na kunenepesha sauti nzito. Mlio ukarudi nyuma kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili. Vikasikika viatu. Droo ikifunguliwa. Pumzi za mtu aliyefanya kazi ngumu. Kisha simu ikaita.

"Haya, tema!"

Koplo alishika ukingo wa meza.

"Sipo hapo," sauti iliendelea, ikihema. "Niko safarini. Nimesema safarini! Mtandao mbaya huku."

Viatu tena. Halafu, kutoka mbali, chuma juu ya ukuta, na sauti ya mwanamke: "Zima hilo dude!"

Kikasikika kitufe kikibonywa kwa pupa. Weusi ukakatika, na kilichobaki cha picha ya zamani kikaibuka kwenye kioo: nguzo ya chini ya ngazi, kabla ya lipu. Ilikuwa na ufa. Mkono wa mtu ukaingia ndani ya ufa, vidole, kiganja, mpaka saa ya mkononi. Sauti ya Bwana Kanda ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia maharusi watabasamu.

"Hii ni nguzo inayobeba nyumba yote. Tazameni, ufa unameza mkono. Nimemwonyesha mwenye nyumba, akaniambia nihame. Jumatatu kanda hii naipeleka kwa mhandisi wa jiji. Juu yetu kuna watoto wamelala."

Picha ikaisha. Fundi alikuwa ameshika kile kijiti cha pamba bila kujua.

"Anapaka poda," Kiberiti alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na koplo aliogopa zaidi kuliko ilipokuwa juu. "Ameua mtu, na sasa hivi amesimama pale anaipaka nguzo poda, watu wote wako juu."

"Afande, nifanye nini?"

"Kwanza watoe watu ndani ya nyumba ile. Wote. Mshonaji na cherehani yake, watoto, wagonjwa, kila mtu barabarani. Ukutane na magari yetu pale. Halafu umshike mwenye nyumba, na umnyang'anye ile simu kabla haijaita tena. Nataka kujua nani alimpigia juzi akadanganywa yuko safarini. Na lile kopo la ufunguo nyumbani kwake, lifunguliwe mbele ya mashahidi."

"Ndiyo, afande."

"Koplo."

"Naam."

"Ukimaliza, utakuja kumwambia mama yule ulichomwandikia mwanawe. Wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Koplo akaondoka mbio.

Mkuu wa kituo alisikiliza kanda mara moja, akaomba aisikilize tena, kisha akaanza kusema mambo ya utaratibu, kwamba jalada limeshapelekwa, kwamba huenda ingefaa kungoja. Kiberiti aliweka maelezo mapya ya mshonaji juu ya meza yake, na juu ya maelezo akaweka kile kijiti cha pamba ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Piga simu kwa mwendesha mashtaka, mkuu. Nitasimama hapa hapa mpaka upige."

"Kiberiti, unanitisha?"

"Piga, mkuu."

Akapiga.

Nje, kwenye benchi, mama wa marehemu na wa mshukiwa alikuwa ameshikilia mkoba mapajani kwa mikono yote miwili. Hakuinua uso Kiberiti alipokaa kando yake.

"Wamesema alilia," mama alisema. "Mwanangu tangu utoto hakuwa mtu wa kulia. Alipovunjika mkono hakulia. Nimekaa hapa najiuliza, walimfanya nini hata akalia?"

"Hakulia, mama."

"Imeandikwa. Nimesomewa."

"Waliandika uongo. Iliyolia ni kamera yake. Ilimlilia yeye, ikarekodi sauti ya aliyemuua, nami nimeisikia kwa masikio yangu. Si mdogo wake. Mdogo wake alikuwa ameshatoka, ameacha mkate kwa jirani."

Mama akageuka. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kwenye uso ule kama kuna tena mtu anayemrekebishia maneno.

"Mwanangu," alisema, "nimeshachoka kuambiwa. Niambie kitu kimoja tu. Kesho nitakuwa na nani pale makaburini?"

Kiberiti alisimama mbele yake, akasema kwa sauti ambayo mkuu wa kituo aliisikia ofisini na askari wa zamu aliisikia kaunta, sauti ambayo hakuna mtu kituoni angeweza kesho kusema hakuisikia.

"Kesho mtoto wako atashuka kaburini kumpokea kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, bila pingu. Nitamleta mimi. Nakuahidi, mama, mbele ya hawa wote."